Chachu Haijanona: Kutafuta Kasoro Pale Sukari ya Mimea Inapokataa Kuwa Mafuta

Chachu za mafuta, yaani zile zinazogeuza sukari kuwa akiba ya mafuta ndani ya seli zao, hushtakiwa kwa makosa mengi ambayo hazikuyatenda. Mwanafunzi ana makapi ya miwa kutoka Kilombero, au molasi ya kiwanda kilicho jirani. Ameagiza Rhodotorula toruloides au Yarrowia lipolytica, aina mbili za chachu hizo, amefuata maelekezo yote, na siku ya tano anapata seli tele zenye mafuta asilimia tisa. Wazo la kwanza linalomjia ni kutafuta chachu nyingine. Ushauri wangu: chachu iache kwanza, uchunguze mchuzi ulioilisha, yaani maji yenye sukari na virutubisho inamoota, na ndani ya mchuzi huo uanze na nitrojeni.

Ila huwezi kutafuta ugonjwa kabla hujajua uzima ukoje. Chachu huhesabiwa kuwa ya mafuta pale mafuta yanapozidi asilimia 20 ya uzito wake mkavu, na aina nzuri zikitunzwa hupita 50. Gramu 1 ya glukosi haiwezi kuzaa zaidi ya gramu 0.32 hivi za mafuta, hata kama seli zisingetumia chochote kwa kuishi. Kazi nzuri ya maabara huleta kati ya 0.15 na 0.22. Ukipata 0.08, uzalishaji una kasoro. Ukipata 0.40, usisherehekee: kipimo ndicho chenye kasoro, na habari yake iko mwisho kabisa.

Jambo jingine la kulielewa ni kwa nini chachu inanona. Nitrojeni ikiisha huku sukari bado ipo, seli haiwezi kujenga protini wala kugawanyika, lakini inaendelea kula. Kiwango cha AMP (molekuli ndogo inayobeba nitrojeni) ndani yake hushuka, kimeng'enya cha isositreti dehidrojenasi katika mitokondria kikazimika, na sitreti ikarundikana hadi ikatoka nje ya mitokondria. Huko nje kuna kimeng'enya cha ATP-sitreti liasi, ambacho huikata na kutoa asetili-koenzaimu A, malighafi ya mafuta. Colin Ratledge na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, ndio waliofafanua sehemu kubwa ya njia hii. Hamira ya mkate haina kimeng'enya hicho cha mwisho, ndiyo maana hata ukiinyima nitrojeni mwezi mzima haitanona.

Seli nyingi, mafuta kidogo

Hili ndilo lalamiko la kila siku, na dawa yake huanza na kalamu. Tuseme una glukosi gramu 70 kwa lita. Asilimia 40 ya glukosi ni kaboni, kwa hiyo una gramu 28 za kaboni, sawa na moli 2.33. Ukitaka uwiano wa kaboni kwa nitrojeni uwe 100 kwa hesabu ya moli, unahitaji moli 0.0233 za nitrojeni, yaani gramu 0.33 tu kwa lita. Salfeti ya amonia, ile ile ambayo mkulima huijua kama SA, ina nitrojeni asilimia 21. Gramu 1.55 zinatosha.

Sasa soma tena orodha ya vitu ulivyotia. Kuna dondoo ya chachu gramu 5 kwa lita, uliyoiweka "kwa ajili ya vitamini". Dondoo hiyo ina nitrojeni karibu asilimia 10 au 11, kwa hiyo peke yake imeleta gramu nusu na ushei, zaidi ya ile uliyoipima kwa makini kwenye mizani. Uwiano ulioandika kuwa 100 kwenye daftari umekuwa 38 ndani ya flaski. Seli zimeshiba protini, zimezaana, sukari imekwisha kabla ya njaa ya nitrojeni kufika. Kwa nini zinone? Punguza dondoo hadi gramu 0.5 au 1, au tumia mchanganyiko wa vitamini na madini usio na amino asidi.

Mlango wa pili wa nitrojeni ni mbegu, yaani seli za kuanzishia jaribio. Wengi huotesha mbegu kwenye mchuzi mnono wenye dondoo gramu 10 na peptoni (protini iliyomeng'enywa) gramu 20 kwa lita, kisha humimina asilimia 10 ya ujazo moja kwa moja kwenye flaski kubwa. Mchuzi huo ukiwa mpya una karibu gramu 4 za nitrojeni kwa lita, na glukosi yake huisha kabla ya nitrojeni kuisha. Hata ukihamisha nusu tu ya masalia hayo, hesabu yako yote imevurugika. Zungusha mbegu kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, osha seli mara mbili kwa maji ya chumvi, ndipo uzipande.

Mlango wa tatu wengi hawauoni kabisa: vimeng'enya vilivyovunja selulosi ya makapi kuwa sukari ni protini. Ukitumia miligramu 20 za protini kwa kila gramu ya selulosi, na una gramu 100 za selulosi kwa lita, umetia gramu 2 za protini, ambazo zina gramu 0.32 za nitrojeni. Si yote italiwa, lakini Yarrowia hutoa vimeng'enya vyake vya kuvunja protini na haina aibu. Kama makapi yalilainishwa kwa amonia kabla ya kuvunjwa, hapo nitrojeni ni nyingi zaidi. Molasi nayo huja na ya kwake.

Na kuna hili, ambalo likitokea linaua jaribio zima: tangi linarekebisha pH lenyewe, na chupa ya besi iliyounganishwa ina maji ya amonia. Kila pampu inapopiga, unalisha nitrojeni. Badilisha, weka hidroksidi ya sodiamu au ya potasiamu. Amonia inafaa katika hatua ya kwanza tu, unapotaka seli ziongezeke, kisha uiondoe.

Ukitaka kupima badala ya kukisia, pima nitrojeni yote kwa njia ya Kjeldahl kwenye mchuzi kabla ya kupanda. Kipimo cha amonia peke yake kitakudanganya kwa sababu hakioni amino asidi. Kama malighafi yenyewe ina nitrojeni usiyoweza kuiondoa, usipambane nayo: R. toruloides huweza kunona pia kwa kunyimwa fosfeti au salfeti.

Halafu kuna waliokimbia tatizo hili wakatumbukia upande wa pili. Wanabana nitrojeni mpaka uwiano unapita 200, wanapata mafuta asilimia 60 na kuandika ripoti ya furaha. Lakini seli ni gramu 5 kwa lita, kwa hiyo mafuta ni gramu 3. Jirani yao mwenye seli gramu 20 zenye asilimia 40 ana gramu 8. Asilimia ni namba tamu ya kuandika kwenye kichwa cha ripoti, ila kinachokamuliwa ni gramu kwa lita. Njia ya kupata vyote viwili ni kuotesha seli nyingi kwanza kwa nitrojeni ya kutosha, kisha kuongeza sukari kidogo kidogo isiyo na nitrojeni.

Haioti kabisa

Kama chachu inaota kwenye glukosi safi lakini imelala kwenye sukari iliyotoka kwenye makapi, uliza kwanza swali lisilo la kisayansi: nani alitengeneza sukari hii, na alitia nini isioze? Maelekezo mengi ya kupima uvunjaji wa selulosi yanataka utie azidi ya sodiamu, au sikloheksimidi pamoja na tetrasaiklini, ili vijidudu visile sukari kabla hujaipima. Azidi huziba upumuaji wa seli. Sikloheksimidi huzuia seli za chachu kutengeneza protini. Ukipanda chachu humo unapoteza muda wako. Tengeneza sukari nyingine, tafuta usafi kwa joto na kwa kuchuja.

Kama hakuna sumu ya makusudi, zipo za asili. Makapi yakichemshwa na asidi, hemiselulosi huachia asidi asetiki, sukari zinazoungua huleta sumu za furfurali na HMF, na lignini huleta fenoli kama vanilini. Asidi asetiki ndiyo rahisi kushughulikia kwa sababu ukali wake unategemea pH. Inayopenya ndani ya seli ni ile isiyovunjika kuwa ioni, na kizingiti chake, pale nusu yake inapokuwa hivyo, ni pH 4.76. Kwenye pH 5, asilimia 36 hivi ya asidi bado iko katika hali hiyo ya kupenya. Kwenye pH 6 imebaki asilimia 5. Kwa hiyo kabla ya kununua kitu chochote, pandisha pH hadi 6 ujaribu tena. Mara nyingi chachu huamka, na nyingine, kama Cutaneotrichosporon oleaginosus, huigeuza hiyo asetiki kuwa chakula.

Furfurali inaruka, kwa hiyo kuivukiza sukari kwenye ombwe huipunguza sana, ingawa asetiki hubaki. Fenoli hukamatwa na mkaa uliotiwa nguvu. Chokaa hadi pH 10, kuchuja, kisha kurudisha pH kwa asidi ya salfuriki ni njia ya zamani na ya bei nafuu, ila utapoteza sukari kiasi na utabaki na jasi ya kutupa. Binafsi ningeanza na mbegu nyingi zaidi. Chachu yenyewe hugeuza furfurali kuwa alkoholi isiyo kali sana, na seli zikiwa nyingi kazi hiyo huisha kwa saa chache badala ya siku mbili. Nyingine ni kuizoesha: ihamishe kwenye mchuzi wenye sehemu ya tano ya sukari ya makapi, kisha theluthi, kisha nusu.

pH imeporomoka

Angalia saa. Ikishuka mapema, siku ya kwanza, ni amonia inayoliwa: kila ioni ya amoniamu inayoingia kwenye seli huacha ioni ya hidrojeni nje. Mchuzi usio na bafa (kemikali ya kutuliza pH) unaweza kufika pH 3 au chini ya hapo. Hilo ni la kawaida, rekebisha tu.

Ikishuka baadaye, wakati nitrojeni imekwisha na chachu ni Yarrowia, jua kwamba sitreti iliyopaswa kuwa mafuta inamwagwa nje kama asidi sitriki. Tabia hiyo ni ya asili kwake, na kuna viwanda vilivyowahi kuitumia kutengeneza asidi sitriki yenyewe. Kubana nitrojeni zaidi huongeza umwagaji. Legeza uwiano kidogo, lisha sukari polepole, na upime sitreti kwenye maji ya juu ili ujue kaboni imekwenda wapi. Bafa ya sitreti iliyobaki kutoka kwenye kazi ya vimeng'enya itakuchanganya hapa, kwa hiyo pima pia siku ya sifuri.

Glukosi imeliwa, zailosi imebaki

Kwa Yarrowia ya asili, hakuna cha kurekebisha. Haili zailosi, sukari inayotoka kwenye hemiselulosi, kwa kiwango cha maana bila kubadilishwa vinasaba, na sukrosi vilevile haiigusi kwa kuwa haina invertasi, kimeng'enya cha kuikata. Kumpa Yarrowia ya asili molasi ni kumkaribisha mgeni chakula kilichofungiwa kabatini.

R. toruloides hula zailosi, ila baada ya glukosi na kwa mwendo wa taratibu, na sehemu huishia kuwa arabitoli, alkoholi ya sukari, badala ya mafuta. Ipe muda, au otesha mbegu kwenye zailosi ili ifike ikiwa tayari imejipanga. Kama makapi yako yana zailosi nyingi na haraka ni muhimu, Lipomyces starkeyi na C. oleaginosus zimeonekana kula sukari hizo mbili kwa pamoja. Lipomyces ina kero yake: hutengeneza ute unaofanya mchuzi uwe mzito na seli zisishuke kwenye sentrifuji.

Juzi mafuta yalikuwepo, leo yamepungua

Umechelewa kuvuna. Sukari ikiisha, chachu huanza kula akiba yake. Pima sukari kila siku, na inapokaribia gramu 5 kwa lita jitayarishe. Usiache Ijumaa ukavuna Jumatatu. Ukishavuna, zipoze seli mara moja na uzikaushe kwa kugandisha, maana seli mbichi zilizoachwa mezani zinaendelea kula.

Hewa, joto na povu

Chachu hizi zinahitaji oksijeni sana. Flaski ya mililita 250 isibebe zaidi ya mililita 50 za mchuzi, mashine ya kutikisa iende mizunguko 180 hadi 200 kwa dakika, na mdomo uzibwe kwa pamba inayopitisha hewa. Karatasi ya alumini iliyokazwa inazinyima pumzi. Kwenye tangi, oksijeni iliyoyeyuka isishuke chini ya asilimia 20 au 30 ya kujaa. Umeme ukikatika usiku, mchuzi mzito humaliza oksijeni yake ndani ya dakika chache, na asubuhi utaona namba zisizoeleweka. Andika kila kukatika kwa umeme kwenye daftari la jaribio.

Joto linalofaa ni nyuzi 28 hadi 30. Mashine ya kutikisa isiyo na kipozea haiwezi kushuka chini ya joto la chumba, na mota yake yenyewe huongeza. Dar es Salaam mwezi Februari, mashine iliyoandikwa 30 inaweza kuwa 34 ndani. Weka kipimajoto ndani ya flaski ya maji kisha usome hicho, usiisome skrini.

Povu likikusumbua, chunguza dawa ya povu kabla ya kuimimina. Nyingine zimetengenezwa kwa mafuta ya mimea. Yarrowia huyala, na yasiyoliwa utayahesabu baadaye kama mafuta ya chachu. Tumia ya silikoni au polipropilini glaikoli, matone machache.

Kuna mgeni kwenye flaski

Harufu ya siki au ya kuoza, pH inayoyumba bila mpango, rangi iliyofifia. Hadubini itakujibu kwa dakika mbili: vijiti vidogo vinavyocheza kati ya seli kubwa za chachu ni bakteria. Sukari ya mimea ni tamu kwao kuliko kwa mtu yeyote, na siku tano au saba kwenye pH 6 ni mwaliko. Kushusha pH hadi 4 huwazuia wengi na R. toruloides huivumilia, lakini kumbuka habari ya asetiki: pH hiyo hiyo inaamsha sumu. Kwa sukari safi, shusha. Kwa sukari ya makapi, baki kwenye 5.5 hadi 6 na uongeze ukali wa usafi na wingi wa mbegu. Vidonge vya antibayotiki vinafaa kwenye flaski ndogo ya utafiti, ila havina nafasi kwenye tangi la lita elfu.

Ukiwa bado kwenye hadubini, tazama seli zenyewe. Matone ya mafuta yanang'aa ndani yake. Lipomyces iliyonona mara nyingi ina tone moja kubwa linalojaza seli. Kama hakuna tone, hata kipimo kikisema asilimia 30, usikiamini.

Namba zisizoaminika

Uzito mkavu ndio chanzo cha uongo wa kwanza. Sukari ya makapi hubeba vumbi la lignini ambalo litashuka pamoja na seli, na sukari isiyooshwa itakauka juu yake. Chuja mchuzi kabla ya kupanda, osha seli mara mbili. Kinyume chake, seli zilizonona sana ni nyepesi: nyingine huelea juu ya sentrifuji, nawe unazimwaga na maji ya juu ukidhani ni povu. Kagua kila mara unachomwaga. OD, kipimo cha ukungu wa mchuzi kwa mwanga, nayo si ya kutegemewa, kwa kuwa seli inayovimba kwa mafuta hubadilisha namna inavyotawanya mwanga bila idadi kubadilika.

Sukari ya molasi usiipime kwa DNS, kemikali inayobadilika rangi ikikutana na sukari, peke yake. DNS huona sukari rejeshi tu, kama glukosi, na sukrosi si mojawapo. Utaona sukari "ikiongezeka" siku ya kwanza kadiri chachu inavyoikata sukrosi kuwa glukosi na fruktosi. Ivunje yote kwa asidi ya moto kwanza, kisha pima.

Mafuta yenyewe hupimwa kwa klorofomu na methanoli, njia ya Folch ya 1957 au ya Bligh na Dyer ya 1959, lakini ukuta wa R. toruloides ni mgumu na vimumunyisho hivyo vikipita juu ya seli nzima vitarudi karibu mikono mitupu. Zichemshe kwanza kwenye asidi ya hidrokloriki moli 4 kwa lita, au zisage kwa shanga za kioo. Asilimia tisa iliyoanza makala haya inaweza kuwa tatizo hilo tu. Fanya kazi kwenye vioo chini ya kofia ya kuvuta hewa. Klorofomu huyeyusha plastiki, na plastiki iliyoyeyuka hupimwa kama mafuta.

Mafuta ya R. toruloides yakitoka ya rangi ya machungwa, mithili ya mawese ya Kigoma, hakuna kilichoharibika. Ni karotenoidi, na uzito wake mdogo umo ndani ya kile ulichopima kwa mizani. Kwa namba ya kuandika kwenye ripoti, geuza mafuta kuwa esta za methili na uyapitishe kwenye kromatografia ya gesi pamoja na kiwango cha ndani, yaani kiasi kinachojulikana cha kulinganishia, cha asidi yenye kaboni 17. Tarajia asidi oleiki na palmitiki ziongoze. Ukiona asidi lauriki kwa wingi, shuku sabuni iliyooshea vioo au dawa ya povu. Na kila kundi la sampuli liwe na mrija mmoja usio na seli, unaopitia kila hatua kama wenzake: mrija huo ukitoa miligramu 4 za "mafuta", ziondoe miligramu hizo kwenye mirija yote, kisha utafute zilikotoka kabla ya kundi lijalo.